Kule Hakuna Kengele

(Maneno haya yalisemwa na mwenzetu mmoja, mtumishi wa serikali, katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita. Tumeyachapa karibu kama yalivyotamkwa. – Mhariri)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumzie "Nafasi ya Msomi katika Maendeleo ya Wilaya ya Rungwe." Ni mada nzuri. Mtu wa serikali kama mimi anaweza kuisemea saa mbili bila kusema kitu. Kwa hiyo nilimwomba ruhusa niibadilishe, naye kwa wema wake akakubali.

Sababu yangu ni hii. Miezi michache iliyopita aliingia ofisini kwangu kijana mmoja analeta barua ya kuomba kazi ya muda. Nikafungua vyeti vyake. Kidato cha Sita, Daraja la Kwanza. Jina la shule: hii yetu. Nikafurahi, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza, "Na chuo je, bwana mdogo?" Akatazama sakafu. "Nilienda, mzee. Nikarudi." Ulikaa muda gani? "Muhula mmoja." Kulikuwa na nini? "Basi tu, mzee."

Hakusema zaidi, nami sikumlazimisha. Lakini ile "basi tu" niliielewa kuliko alivyodhani, maana nusura nirudi nayo nyumbani mimi mwenyewe. Leo basi nataka kusema habari za mwaka wa kwanza chuoni. Mengi nitakayosema yanaweza kuonekana madogo kwa wazee waliopo. Nawaomba wanivumilie. Nasema na hawa wa nyuma.

Mimi niliondoka hapa na kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, kusoma siasa na utawala wa umma. Siku ya safari nilisindikizwa hadi stendi ya Tukuyu kama bwana harusi. Mama alikuwa amenifungia blanketi zito, lile la mistari, na sweta mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yetu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo watu hawajifuniki. Basi lilipita Mbeya, likateremka Kitonga, likakata Mikumi, na kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Nilipofika Ubungo usiku (stendi ile siku hizi haipo tena pale, mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi Luis tangu mwaka 2021) nilikuwa nimelowa jasho na sweta bado mwilini, kwa sababu niliogopa kuivua nisije nikaibiwa. Blanketi lile nililitumia miaka mitatu kama mto.

Haya ya joto, mbu na wajanja wa stendi ndiyo mambo ambayo kila mtu alinionya. Baba alinionya, Mchungaji alinionya, hata kondakta alinionya. Nayo nikayazoea kwa majuma mawili. Nililoshindwa nalo ni jingine, na hilo hakunionya mtu.

Ninyi mnaishi kwa kengele. Mnaamshwa alfajiri kwa kengele, mchakamchaka, usafi, paredi, darasani, chakula, tena darasani, prepu, taa zinazimwa. Ukikosa kuonekana prepu, kiranja anaandika jina lako, mwalimu wa zamu anakuita. Mnamchukia mwalimu wa zamu. Najua, nami nilimchukia. Lakini hesabuni: ni watu wangapi hapa wanalipwa mshahara ili wewe usome? Miaka yote ile nilidhani mimi ni kijana mwenye bidii. Sikujua kwamba nusu ya bidii yangu ilikuwa ya kengele.

Mlimani nikapewa ratiba. Saa 18 za mihadhara kwa juma zima! Jumatatu asubuhi mhadhara mmoja, halafu hakuna kitu mpaka jioni. Ijumaa mchana juma limekwisha. Nikamwandikia baba barua kwamba chuo kikuu si kigumu kama watu wanavyosema. Ile barua baba aliitunza, akanirudishia siku ya mahafali, naye akicheka.

Chuo kile kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Naamini mkufunzi alijua nani amechelewa na nani anaumwa. Nilipofika mimi tulikuwa maelfu. Somo la maendeleo, lile ambalo karibu kila mwanafunzi alipaswa kulichukua, tulisomea katika Ukumbi wa Nkrumah, ule ambao picha yake ilichapwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Wengine walikaa madirishani. Mhadhiri alikuwa kichwa kidogo kule mbele. Nisingekwenda mwezi mzima, hakuna ambaye angejua. Nami, nawaambieni kweli, zipo siku nyingi sikwenda.

Wazee waliosoma miaka ya sabini hawakuyapata haya kwa namna hii. Chini ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana alimaliza Kidato cha Sita, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi walau miaka miwili, na kazini kwake wakamtolea ushahidi kwamba ni mtu wa kufaa, ndipo akaingia chuo kikuu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa mtu mzima, pengine ana mke na watoto, amekwisha kushika mshahara na kuumaliza. Agizo lile lililegezwa baadaye, na JKT ya lazima nayo ilisimama mwaka 1994 mpaka iliporudishwa mwaka 2013. Sisemi zamani ilikuwa bora. Wapo waliopoteza nafasi kwa kungoja. Nasema tu kwamba kizazi changu tulitoka dawatini tukaenda dawatini, na katikati hapakuwa na mahali pa kujifunza kujitawala.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Hapa nilisoma HGK. Uchumi nilikuwa sijausoma hata siku moja. Kule nikakutana nao, na michoro yake, mistari inapanda, mistari inashuka, na yote kwa Kiingereza cha haraka. Kiingereza chetu sisi wa huku kilikuwa cha kuandika kuliko cha kusema. Katika semina tulikaa watu ishirini hivi, na wale waliotoka shule kubwa za mjini waliongea kama maji. Nilikaa nyuma, nikawa naitikia kwa kichwa. Nikadesa. Mnajua kudesa? Ni kuchukua madesa, yaani maandishi ya wenzako yaliyodurufiwa, na kuyakariri bila kujua yametoka wapi. Nilikuwa na rundo la madesa kimo cha goti. Nikapata usingizi mzuri kwa kuliangalia.

Jaribio la kwanza likaja. Alama za mwaka kwa kawaida hugawanywa hivi: 40 za kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho. Katika zile 40 za uchumi nilikuwa nimekusanya 11. Mtu aliyekuwa akisomewa jina lake paredini kwa kufanya vizuri! Nilikunja karatasi ile mara nne, nikaitia ndani ya kiatu, nikatembea nayo. Msicheke. Niliona kila mtu anaiona.

Sikumwambia mtu. Nyumbani niliandika, "Huku sote tu wazima, masomo yanaendelea vema."

Tulikuwa wawili kutoka shule hii mwaka ule. Mwenzangu alisoma PCM na alikuwa na akili kunishinda mara mbili. Hesabu alizifanya huku akipiga mluzi. Alichaguliwa uhandisi. Fedha zake zilichelewa katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, akakosa chumba, nami nikambeba. Kubebana kule maana yake ni kulala wawili katika kitanda cha mmoja, kwa siri, kwa zamu ya ukutani na ukingoni. Nilikuwa nakaa hosteli za Mabibo. Tukala sahani moja. Kwa muda ilikuwa kama bwenini hapa, kicheko tu.

Baadaye kicheko kikapungua. Akawa anakwenda Mlimani kwa miguu kuokoa nauli. Akaacha kupiga mluzi. Nilimwona anakaa na kitabu kimoja ukurasa mmoja jioni nzima. Sikumwuliza kitu, kwa kuwa ningemwuliza angeniuliza, nami nilikuwa na kiatu changu chenye karatasi. Watu wawili wa shule moja, wa wilaya moja, kitanda kimoja, kila mmoja amejigeuzia upande wake na shida yake.

Usiku mmoja, juma la tisa au la kumi, nilisikia zipu ya begi. Nikafungua jicho kidogo. Anapanga nguo zake gizani, polepole. Nikajua. Nikalifumba jicho, nikavuta pumzi kama mtu aliyelala. Akasimama mlangoni kitambo, halafu akaondoka. Niliposikia hatua zake zimekwisha kwenye ngazi, ndipo nikaketi.

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuamka. Jibu ninalo, ila si zuri: niliogopa kwamba akiniaga na mimi nitafunga begi. Nilijiokoa mimi.

Mwenzangu huyo yupo katika ukumbi huu. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akanipa, kwa sharti nisimtaje jina, nanyi msigeuze vichwa kumtafuta. Alirudi akalima viazi, akaongeza chai ya Katumba, siku hizi ana miparachichi ambayo mimi mwenye shahada naionea wivu. Hakuna wa kumhurumia. Lakini hakurudi chuoni, na hesabu zile za kupiga mluzi hakuzifanya tena. Tulikaa miaka kumi na zaidi bila kuligusa jambo hili. Mwaka jana tulikutana msibani huko Kyimo, tumeketi kwenye viti vya turubai, akaniambia tu, kama anayesema habari za mvua, "Unajua, siku ile nilijua hukulala."

Nikamwuliza, kama ningeamka ungebaki? Akafikiri. Akasema, "Sijui. Labda ningengoja asubuhi." Fedha zake zilitoka siku kumi na mbili baada ya kuondoka.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo. Yanayobaki ni namna mimi nilivyopona, na mambo machache ya kazi kwa hawa wanaokwenda.

Nilipona kwa ndizi. Nasema kweli. Mkufunzi wa semina ya uchumi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yangu kwamba nikamwone. Sikwenda. Baada ya majuma mawili na zaidi alinikuta kwenye foleni ya chakula, akanishika bega. "Wewe unatoka wapi?" Tukuyu. "Ah! Mimi natoka Bukoba. Sote watu wa ndizi. Njoo saa nane."

Nikaenda miguu inatetemeka, nimetayarisha sentensi zangu za Kiingereza. Akazungumza Kiswahili. Akaniuliza: mvua ikiharibu barabara na malori yasifike Kiwira, ndizi zinafanya nini? Nikasema, huku kwetu zinashuka bei mpaka tunawapa ng'ombe, na kule Mbeya mjini zinapanda. Zikipanda sana, wanunuzi wa Mbeya wanafanya nini? Wanakula ugali. Na chumvi ikipanda, watakula nini badala ya chumvi? Nikacheka, nikasema chumvi watanunua tu. Akavuta karatasi, akachora mistari ileile iliyokuwa ikinitesa, akasema, "Basi hapa ni ndizi, na hapa ni chumvi. Umekwisha jibu swali la kwanza la jaribio." Nilikuwa nimelijua somo lile tangu utotoni, tangu nambebea mama mikungu kwenda sokoni. Kilichokuwa kimekosekana ni kuuliza.

Akaniambia jambo la pili: nisisome peke yangu. Nikapata wenzangu watatu, mmoja wa Pemba, mmoja wa Tarime, mmoja wa Moshi. Tulikaa karibu na maktaba kila jioni baada ya magharibi, Mpemba akisha kuswali. Kila mmoja alikuwa na anachokijua na anachokiogopa. Mimi niliwaelezea historia. Mtarime, ambaye hakuwa na haya hata kidogo, alituuliza maswali ya kipumbavu kwa niaba yetu sote. Nilimpenda sana mtu yule.

Na hapa, wazee mtanisahihisha, lakini mimi naona jambo hili ni letu hasa. Mtaalamu mmoja, Monica Wilson, pamoja na mumewe Godfrey, walikaa huku kwetu katika miaka ya 1934 mpaka 1938 wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1951 kinaeleza desturi ambayo babu zetu waliijua: mvulana akifika miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda na wa rika lake pembeni ya kijiji. Waliwalimia baba zao, na kula walikwenda pamoja, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa na wenzako hivyo, kwa mazungumzo na ukarimu, ndiko kunakoitwa ukwangala, na watu waliamini kwamba akili hupatikana humo. Aliyejitenga hakusifiwa. Sasa angalia: babu yangu alihamia kwa wa rika lake akiwa na miaka kumi na jembe mkononi. Mimi nilihama nikiwa na miaka zaidi ya ishirini na madesa mkononi, nikajifungia.

Sikupona kabisa, lazima niseme. Uchumi ule nilifanya mtihani wa marudio, ile inayoitwa sapu, wakati wenzangu wako likizo. Nikashinda, lakini aliyeshinda kwa sapu hupewa C hata kama amejibu kama malaika. Miaka mitatu baadaye nikamaliza na wastani wa 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Ile C moja ilinifungia mlango wa ufadhili wa shahada ya pili, nami nikaja kuisoma baadaye sana, kwa fedha yangu, jioni baada ya kazi. Kwa hiyo wiki zile chache za kunyamaza nilizilipia.

Na nikisema kulipia, nilikopeshwa na serikali vilevile. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, chini ya sheria ya mwaka 2004, nayo hukusanya hata mikopo ya waliosoma tangu mwaka 1994. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, makato yakawa asilimia 15 ya mshahara. Nilikatwa mpaka senti ya mwisho. Sinung'uniki, fedha ile inasomesha ninyi. Ila jueni kwamba bumu si zawadi.

Kidogo juu ya bumu basi, maana naona macho yamefunguka. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mkupuo, kwa kawaida wa siku 60. Yaani kijana ambaye hajawahi kushika laki anaamka na laki sita. Siku hiyo kila duka la simu linamjua jina. Akinunua simu ya 350,000, amebakiwa na 250,000 za siku 60: shilingi elfu nne na kitu kwa siku, na nauli imo humo. Akitoa nyingine za kubeti, sina hesabu ya kumsaidia. Fanyeni hivi: siku ileile mpe mtu mwaminifu nusu yake akushikie, au itenge mahali ambapo huwezi kuigusa kwa kidole kimoja. Sisi tulimpa Mpemba. Alikuwa bahili wa kutisha.

Jambo jingine ni la karatasi, na hapa nasema kama mtumishi wa serikali. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Wengi wenu hapa hamna cheti hicho. Mnacho cha ubatizo, au kadi ya kliniki. Msingoje matokeo ndipo muanze kukimbia. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya pale Tukuyu ndiyo inayoshughulikia vyeti vya kuzaliwa. Nendeni likizo hii. Hakikisheni majina yanafanana herufi kwa herufi na yale ya Baraza la Mitihani. Sisi watu wa "Mwa-" tunapenda kuandika jina moja kwa njia tatu, na mashine haielewi kwamba Mwakyusa na Mwakiusa wanaweza kuwa mtu mmoja. Aliyefedheheka mwezi wa kumi kwa kukosa fedha mara nyingi alikwama mwezi wa sita kwa herufi moja.

Najua wengine mtasema zama zimebadilika. Vyuo siku hizi viko vingi. Dodoma kipo tangu 2007, Mbeya mjini pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, mtu anaweza kusoma bila kuvuka Kitonga. Ni kweli, na ni heri. Ila mpwa wangu alisoma hapo Mbeya, kilomita zipatazo 70 tu kutoka hapa, naye alikuwa akirudi kila Ijumaa kula mbalaga kwa mama yake mpaka Jumatatu saa nne. Alikuwa mwanafunzi wa siku tatu kwa juma. Chuo kuwa karibu na nyumbani kuna mtego wake. Mna simu pia, na makundi ya wanadarasa humo ndani ambamo madesa yanapita usiku kucha. Rundo langu lilikuwa kimo cha goti. Lenu halionekani hata kimo chake. Na bado nimeona kijana mwenye watu mia tatu katika simu yake akakosa wa kumwambia kwamba amepata 11.

Yule wa ofisini kwangu nimemtafuta. Tulizungumza mara mbili. Yake ni marefu, na ni yake, sitayasema hapa. Ila ataomba tena udahili, na karatasi tunazishughulikia.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mkuu wa Shule anatazama saa, na jiko limekwisha kutoa ishara. Ninalo ombi moja kwa chama. Kila mwaka tunachangia rangi ya bweni na mipira, na ni vema. Naomba tuwe pia na daftari. Kila kijana wa hapa anayechaguliwa chuo, chochote kile, jina lake liandikwe, na pembeni liandikwe jina la mmoja wetu aliye katika mji ule. Mtu wa kumpigia simu juma la tatu, si kumpa fedha, ni kumwuliza: umepata ngapi? Na asipokee "salama" kuwa jibu.

Daftari nimekuja nalo. Baada ya kula nitakaa pale kwenye benchi la nje, upande wa jiko ambako mvua haifiki. Kidato cha Sita mje mmoja mmoja. Mwenzangu yule niliyemsema amekubali kukaa nami, kwa hiyo mtamjua, na kama mna swali la hesabu mwulizeni yeye, si mimi.